Benki ya Dunia, UNCTADstat au takwimu za wizara? Tathmini ya vyanzo vya kulinganishia uwekezaji kutoka nje

Mwaka 1996 India na Vietnam zilipokea uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje unaokaribiana kabisa: takriban dola bilioni 2.4 za Marekani kila moja. Anayetazama kiasi hicho peke yake atasema zilitoka sare. Akigawanya kwa Pato la Taifa, picha inapinduka: kwa Vietnam fedha hizo zilikaribia asilimia 10 ya pato lote la nchi, kwa India zilikuwa asilimia 0.6 tu. Mwaka 2023 India ilipokea karibu bilioni 28 na Vietnam bilioni 18.5, na tofauti ya idadi ya watu ni zaidi ya bilioni 1.4 kwa milioni 100 hivi.

Jozi hii inafaa sana kupimia huduma za takwimu, kwa kuwa karibu kila mtego wa kazi ya kulinganisha nchi mbili zinazoendelea umo ndani yake. Huduma zinazopimwa hapa ni kanzidata ya Benki ya Dunia, UNCTADstat ambayo ni kanzidata ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, takwimu za wizara za nchi zenyewe, uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na fDi Markets ambayo ni ya kulipia. Swali ni moja kwa zote: je, itakupa kitu kilekile kwa nchi zote mbili, kwa miaka ileile, bila kukuachia shimo usiloliona?

Kwanza kinachopimwa kieleweke. Uwekezaji unahesabiwa kuwa wa moja kwa moja pale mwekezaji wa nchi moja anapomiliki angalau asilimia 10 ya nguvu ya kura katika kampuni ya nchi nyingine. Mtiririko wa mwaka una vipande vitatu: mtaji wa hisa, faida iliyoachwa ndani ya kampuni badala ya kugawiwa wenye hisa, na mikopo kati ya kampuni mama na kampuni tanzu. Kipande cha tatu ndicho kigeugeu. Kampuni tanzu ikimrejeshea mama yake mkopo, kiasi hicho kinakatwa, na mwaka mzima unaweza kuishia chini ya sifuri. Angola, yenye kampuni kubwa za mafuta, ina miaka kadhaa ya hasi katika miaka ya 2010, na visima vyake havikuacha kutoa mafuta. Ukiona namba hasi usidhani ni kosa la uchapaji, na usiifute.

Benki ya Dunia

Hapa ndipo wengi huanzia, na ni sahihi kuanzia hapa. Ni bure, haidai usajili, na leseni yake inaruhusu kutumia na kuchapisha tena mradi utaje chanzo. Kiashiria cha kutafuta ni BX.KLT.DINV.CD.WD, yaani fedha zinazoingia, kwa dola za mwaka husika. Kina ndugu wawili wanaochanganya watu. BM.KLT.DINV.CD.WD ni uwekezaji ambao wakazi wa nchi hiyo wamepeleka nje. BN.KLT.DINV.CD ni tofauti kati ya hizo mbili, na alama yake imegeuzwa: kilichotoka kasoro kilichoingia. Ndiyo maana India inaonekana na namba hasi kubwa karibu kila mwaka katika kiashiria hicho. Mtu asiyejua ataandika kwamba mitaji inaikimbia India, kumbe hasi hiyo inamaanisha kwamba iliyoingia ni mingi kuliko iliyotoka.

Hata kiashiria cha kwanza kina neno la makato (net) katika jina lake, nalo linahitaji ufafanuzi. Makato yanayokusudiwa ni fedha ambazo wawekezaji wa kigeni wenyewe wameziondoa nchini mwaka huo. Hayahusiani na kampuni za Kihindi zilizowekeza ng'ambo. Kosa la kukata mara mbili ni la kawaida mno: mtu anachukua BX, ambayo tayari imeshakatwa, kisha anatoa BM akidhani anapata kilichobaki nchini.

Upakuaji una mambo yake. Ukichagua faili la CSV kwenye ukurasa wa kiashiria utapata kifurushi chenye mafaili matatu: data yenyewe, maelezo ya nchi na maelezo ya kiashiria. Faili la data lina mistari minne ya utangulizi kabla ya vichwa vya safu. Lahajedwali litaifungua bila tatizo, lakini programu ya kuchakata itakwama au itasoma vichwa vibaya. Kwa wanaotumia pandas, zana ya Python ya kuchakata majedwali, andika skiprows=4. Kila mstari pia unaishia na mkato, kwa hiyo itatokea safu tupu upande wa kulia kabisa, ifute. Miaka imepangwa kwa safu kuanzia 1960, na kwa kiashiria hiki safu za muongo wa kwanza ni tupu. Kabla ya kufanya hesabu yoyote geuza jedwali liwe refu: safu ya msimbo wa nchi, safu ya mwaka, safu ya thamani.

Wanaovuta data kwa programu wakae macho zaidi. Anwani ni hii: api.worldbank.org/v2/country/IND;VNM/indicator/BX.KLT.DINV.CD.WD?date=1990:2023&format=json&per_page=200. Usipoandika format=json utaletewa XML. Usipoandika per_page utaletewa mistari 50 tu, na hapa ndipo kazi huharibika kimyakimya. Nchi mbili kwa miaka 34 ni mistari 68. Majibu huanza na nchi ya kwanza, mwaka wa karibuni ukitangulia, hivyo ukurasa wa kwanza utakuwa na India yote, mistari 34, na Vietnam mistari 16, yaani 2023 kurudi nyuma hadi 2008. Hakuna onyo lolote. Grafu itachorwa vizuri, na itaonyesha Vietnam ikianza kupokea uwekezaji mwaka 2008. Kipengele cha kwanza cha majibu kinataja idadi ya kurasa na jumla ya mistari. Kisome kila mara kabla ya kuendelea. Wanaotumia R wana kifurushi cha WDI, wa Python wana wbgapi, wa Stata wana wbopendata. Hivyo vinashughulikia kurasa vyenyewe na ni salama kuliko kuandika anwani kwa mkono.

Kwa uwiano na Pato la Taifa, Benki ya Dunia ina kiashiria kilichokwisha kugawanywa, BX.KLT.DINV.WD.GD.ZS. Ni kizuri kwa kutupia jicho, lakini kwa kazi ya maana gawanya mwenyewe ukitumia NY.GDP.MKTP.CD. Sababu ni mbili. Ya kwanza, Vietnam ilitangaza mwaka 2019 kwamba Pato lake la Taifa la miaka 2010 hadi 2017 lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 25.4 kuliko lilivyohesabiwa awali. Uwekezaji haukubadilika, kigawanyo ndicho kilichobadilika. Uwiano uliokuwa asilimia 6 unashuka hadi asilimia 4.8 bila dola moja kuongezeka wala kupungua. Mwenye faili la zamani kwenye kompyuta akiliunganisha na miaka mipya ataona anguko ambalo halikutokea. Ya pili, Pato la Taifa la India katika kanzidata hii linafuata mwaka wa fedha wa Aprili hadi Machi, wakati uwekezaji wake unafuata mwaka wa kalenda. Kwa nchi inayokua haraka, kigawanyo kinakuwa kimesogea mbele kwa miezi mitatu. Athari ni ndogo katika miaka ya kawaida. Mwaka kama 2020, uchumi ulipoyumba ndani ya miezi michache, itaje katika maelezo ya jedwali.

Kuna huduma moja ya Benki ya Dunia isiyosifiwa inavyostahili: kumbukumbu za matoleo ya zamani ndani ya DataBank, ukurasa wake wa kuchagua na kupakua data. Ukikuta makala ya miaka ya nyuma yenye namba zisizolingana na zako, unaweza kufungua toleo la wakati ule na kuona kama mwandishi alikosea au takwimu zilirekebishwa baadaye. Kwa anayepitia kazi za wengine, hiki peke yake kinatosha kuifanya kanzidata hii iwe ya lazima. Ila jihadhari: DataBank huweka nukta mbili mahali pasipo na data, na chini ya jedwali huongeza mistari ya chanzo na tarehe. Programu ikizigeuza nukta hizo kuwa sifuri, wastani wako wote umeharibika.

Udhaifu wake ni wa wazi. Hakuna limbikizo la uwekezaji, yaani thamani yote iliyojengeka hadi mwaka husika. Kiashiria hakiletwi kwa vipande vyake vitatu. Wala hakuna nchi zinakotoka fedha.

UNCTADstat

Pengo la limbikizo linazibwa na UNCTADstat. Mtiririko unaanza 1970, limbikizo linaanza 1980, na jedwali hilohilo linakupa kinachoingia na kinachotoka. Kizuri zaidi ni vipimo vilivyo tayari: kwa dola, kwa kila mkazi, kama sehemu ya jumla ya dunia, kama asilimia ya Pato la Taifa, na kama asilimia ya uwekezaji wa mali za kudumu, yaani majengo, mitambo na miundombinu iliyojengwa mwaka huo. Hicho cha mwisho hakitumiki inavyostahili. Kinaonyesha mgeni ana uzito gani pembeni ya mwenyeji, na kati ya India na Vietnam tofauti inayojitokeza hapo inaeleza mengi kuliko jumla ya dola.

Kizio ni mamilioni ya dola. Benki ya Dunia inatumia dola kamili. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linalozaa grafu ambamo nchi moja imelala chini kama uzi kwa sababu safu zilitoka vyanzo viwili. Majina ya nchi nayo hayaandikwi sawasawa kila mahali: Vietnam inaweza kuwa neno moja au mawili kulingana na chanzo. Unganisha majedwali kwa misimbo, kamwe usiunganishe kwa majina. Benki ya Dunia inatumia IND na VNM. Misimbo ya tarakimu ya Umoja wa Mataifa ni 356 kwa India na 704 kwa Vietnam.

Kwa nini namba za UNCTAD na za Benki ya Dunia hazilingani kabisa? Sababu kubwa ni kanuni ya uhasibu. Chukua kampuni tanzu iliyoko India inayomkopesha mama yake aliyeko nje. Benki ya Dunia hufuata toleo la sita, la mwaka 2009, la mwongozo wa urari wa malipo (hesabu ya miamala yote kati ya nchi na nje), linalouhesabu mkopo huo kuwa mali ya India iliyoko nje. UNCTAD hufuata mwelekeo wa uwekezaji: aliyewekeza ni mama, kwa hiyo mkopo unaomrudia unapunguza uwekezaji wake nchini India. Kwa jozi yetu pengo ni dogo. Kwa nchi zinazotumika kama njia ya kupitishia mitaji, kwa mfano Uholanzi na Luxemburg, ni kubwa mno, na jumla ya dunia inayumba pamoja nazo. Ukitaka kulinganisha nchi na sehemu yake ya dunia, tumia UNCTAD kote, juu na chini ya mstari wa kugawanyia.

Kipimo kimoja cha UNCTAD kinastahili kurudishwa mezani: gawanya sehemu ya nchi katika uwekezaji wa dunia kwa sehemu yake katika Pato la dunia. Ikizidi 1, nchi inavuta mitaji kuliko ukubwa wa uchumi wake unavyotarajiwa. Kwa mwaka 2023 Vietnam inapata zaidi ya 3 na India iko chini ya 1. Mwaka huohuo India ndiyo iliyopokea dola nyingi zaidi. Majibu yote mawili ni sahihi, na msomaji anastahili kuyapata yote.

Ripoti ya uwekezaji ya dunia ambayo UNCTAD huitoa kila mwaka tangu 1991, kwa kawaida katikati ya mwaka, hubeba majedwali haya nyuma yake. Mwaka wa mwisho katika kila toleo ni wa awali na hurekebishwa katika matoleo yanayofuata. Usijenge mfululizo kwa kunyofoa namba ya 2015 katika toleo la 2016, ya 2016 katika toleo la 2017, na kuendelea hivyo. Utakuwa na mkufu wa makadirio ya kwanza, kila moja likiwa limeshabadilishwa na wenyewe. Pakua mfululizo wote siku moja, uandike tarehe ya upakuaji.

Takwimu za wizara

Hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika, kwa kuwa namba za wizara ndizo zinazotangazwa kwenye vyombo vya habari.

India ilitangaza karibu dola bilioni 82 kwa mwaka wa fedha 2020-21 na karibu bilioni 85 kwa 2021-22. UNCTAD inaonyesha bilioni 64 kwa 2020 na karibu bilioni 45 kwa 2021. Wengi husema ni tofauti ya mwaka wa fedha na mwaka wa kalenda. Lijaribu dai hilo kwa kalamu: mwaka wa kalenda 2021 una robo moja ya mwaka wa fedha wa kwanza na robo tatu za wa pili. Robo ya 82 ni 20.5, robo tatu za 85 ni 63.75. Jumla ni bilioni 84 na ushee. Pengo la bilioni 40 limebaki palepale. Kwa hiyo kalenda haikuhusika kwa lolote la maana. Kilichohusika ni kwamba namba ya India inayotangazwa ni ya fedha zote zilizoingia, kabla ya kutoa zile ambazo wawekezaji waliuza hisa wakaondoka nazo. Vipindi ambavyo mifuko ya uwekezaji inauza hisa zake za kampuni changa na kuvuna faida, pengo hilo linapanuka sana.

Mpaka wa asilimia 10 nao unavukwa kwa namna yake. Aprili 2020 Facebook ilinunua asilimia 9.99 ya Jio Platforms, kampuni ya Kihindi ya huduma za kidijitali, kwa dola bilioni 5.7, na Julai mwaka huo Google ikachukua asilimia 7.73 kwa bilioni 4.5. Kwa kipimo cha kimataifa hisa hizo ziko chini ya kizingiti. Kanuni za India za 2019 zinasema vingine: mtaji wa kigeni katika kampuni isiyoorodheshwa kwenye soko la hisa ni uwekezaji wa moja kwa moja hata uwe asilimia ngapi, kizingiti cha 10 kinazihusu kampuni zilizoorodheshwa. Jio Platforms haikuwa sokoni. Kampuni mbili, zaidi ya bilioni 10, katika mwaka ambao India ilivunja rekodi yake. Anayelinganisha 2020 na nchi nyingine bila kulitaja hili anampa msomaji kilele kisichoelezeka.

Kuna pia mpasuko wa nyuma. Mwaka 2003 India ilipanua tafsiri yake ili ilingane na ya kimataifa, ikaingiza faida iliyowekezwa tena na mikopo kati ya kampuni, na namba mpya zikaanzia mwaka wa fedha 2000-01. Mfululizo wa wizara unaovuka mwaka huo una vitu viwili tofauti chini ya jina moja. Weka mstari wima kwenye grafu hapo.

Vietnam ina tatizo la aina nyingine: kusajiliwa na kutumika. Mwaka 2008, mara baada ya kuingia Shirika la Biashara Duniani Januari 2007, mitaji iliyosajiliwa ilizidi dola bilioni 60. Iliyotumika kweli, kwa hesabu ya nchi yenyewe, ilikuwa bilioni 11.5. Urari wa malipo, ambao ndio chanzo cha Benki ya Dunia, unaonyesha bilioni 9.6. Mwaka mmoja, nchi moja, namba tatu, na kubwa kati yake ni zaidi ya mara sita ya ndogo. Hata katika miaka tulivu pengo halizibiki: kwa 2023 serikali ilitangaza zaidi ya bilioni 36 zilizosajiliwa na bilioni 23 zilizotumika, huku UNCTAD ikiwa na 18.5.

Sasa fikiria mtu anayeweka bilioni 85 za India pembeni ya bilioni 36 za Vietnam. Ya kwanza ni fedha zilizoingia kabla ya makato, ya pili ni ahadi pamoja na upanuzi ulioombewa kibali. Ulinganisho huo hauna maana yoyote, ingawa kila namba imetoka kwenye tovuti ya serikali.

Hata hivyo usizitupe takwimu za wizara. Zina kitu ambacho mashirika ya kimataifa hayana: sekta, mkoa, na mara nyingi mradi wenyewe. Zitumie kueleza kwa nini mstari umepanda. Kiasi kichukue kwenye urari wa malipo.

Jinsi ya kuzipanga

Utaratibu unaofanya kazi ni mfupi. Chukua mtiririko UNCTAD au Benki ya Dunia, kimoja tu, kwa nchi zote mbili. Chukua Pato la Taifa na idadi ya watu (SP.POP.TOTL) Benki ya Dunia siku hiyohiyo. Kisha toa mfumuko wa bei. Dola bilioni 2.4 za 1996 ni zaidi ya bilioni 4 kwa bei za 2023 ukitumia fahirisi ya bei ya Pato la Taifa la Marekani, NY.GDP.DEFL.ZS. Kwa dola za kawaida India imepanda mara 11 na zaidi kati ya miaka hiyo miwili. Kwa bei zilizorekebishwa ni kama mara 6.5. Vietnam inashuka kutoka karibu mara 8 hadi mara 4 hivi. Fahirisi ya Marekani ndiyo ya kutumia kwa zote mbili, maana thamani ziko kwa dola. Kuzirekebisha kwa mfumuko wa bei wa rupia na wa dong ni kurekebisha kitu ambacho hakimo.

Halafu tumia wastani wa miaka mitatu. Mwaka 2020 India ilikuwa mara nne ya Vietnam, 64 kwa 15.8. Mwaka 2023 ilikuwa mara moja na nusu. Anayetaka kuipamba nchi moja atachagua mwaka wake wa mwisho kwa makini. Wastani wa 2021 hadi 2023 ni karibu bilioni 41 kwa India na bilioni 17 na nusu kwa Vietnam, na hiyo ndiyo picha inayostahimili kuulizwa. Mwaka wa mwanzo nao ni hivyohivyo. Vietnam ilipokea bilioni 2.4 mwaka 1996, ikashuka hadi bilioni 1.3 mwaka 2000 baada ya msukosuko wa fedha wa Asia, na mwaka 2006 ilikuwa imerudi bilioni 2.4 ileile. India katika muongo huo ilitoka 2.4 hadi 20. Ukianza 2006 Vietnam inaonekana kama roketi. Ukianza 1996 unaona muongo mzima uliopotea kwanza.

Kipimo cha logi kwenye mhimili kinasaidia kuonyesha kasi ya nchi ndogo na kubwa pamoja, lakini hakipokei sifuri wala hasi. Kama moja ya nchi zako ni ya aina ya Angola, achana nacho, chora jumla ya kulimbikiza badala yake. Kasi ya ukuaji kwa asilimia ya mwaka nayo haihesabiki namba inapovuka sifuri.

Shirika la Fedha la Kimataifa

Uchunguzi wake wa uwekezaji wa moja kwa moja, unaoanzia takwimu za 2009, unajibu swali ambalo huduma mbili za kwanza hazijibu: nani amewekeza kwa nani. Unatoa limbikizo la mwisho wa mwaka, hautoi mtiririko, kwa hiyo usitoe mwaka mmoja kwenye mwingine ukadhani umepata fedha zilizoingia. Kati ya miaka miwili thamani ya hisa na ya sarafu hubadilika pia.

Tatizo lake la pili ni kwamba hutaja nchi ya mwisho fedha zilipopitia, siyo zilikoanzia. Kwa India, Morisi iliongoza kwa miaka mingi kwa sababu ya mkataba wa kodi. Mkataba huo ulirekebishwa Mei 2016, kodi ya faida ya kuuza hisa ikaanza kutozwa India kwa hisa zilizonunuliwa kuanzia Aprili 2017, na katika mwaka wa fedha 2018-19 Singapuri ikashika nafasi ya kwanza. Wenye fedha hawakubadilika kwa kiasi hicho. Njia ndiyo iliyobadilika.

fDi Markets

Hii ni ya kulipia, inamilikiwa na kampuni ya Financial Times, na ina miradi mipya iliyotangazwa tangu 2003, mmoja mmoja, pamoja na kampuni, mahali, mtaji na ajira. Ununuzi wa kampuni zilizopo haumo, kwa hiyo Facebook na Jio hutazipata humo. Mahali ambapo kampuni haikutaja mtaji au ajira, huduma yenyewe hukadiria, na makadirio hayo hukaa safu moja na namba za kweli. Chuja kwanza kabla ya kujumlisha.

Kilichomo ni matangazo. Intel ilitangaza mwaka 2006 kwamba kiwanda chake cha Ho Chi Minh City kitafikia dola bilioni 1, na kikafunguliwa 2010. Katika fDi Markets bilioni hiyo inaangukia siku ya kutangazwa; katika urari wa malipo inaingia kidogokidogo kadiri fedha zilivyotumwa. Ukiweka mistari miwili kwenye grafu moja, wa matangazo utatangulia kwa mwaka mmoja hadi minne, na sehemu ya miradi haitatokea kamwe.

Kwa kulinganisha jumla za nchi mbili, hakuna sababu ya kuilipia. Anayetafuta viwanda vya simu au vya nguo vinaelekea nchi gani mwaka kesho kutwa ndiye mteja wake, na baadhi ya vyuo vikuu vina usajili ambao huenda wanafunzi hawajui kwamba upo. Uliza maktaba kwanza.